Gari la Zamani Lingurumapo Kupita Kiasi



Katika mkutano mkuu uliopita mzee mmoja aliinuka akauliza: kwa nini hesabu ya petroli ya gari la chama ilipanda sana msimu wa kuchuma, ilhali magunia yaliyobebwa na njia zilizopitwa ni zile zile? Siku ile ofisi haikuwa na jawabu la kutosheleza, nasi tukaomba muda. Jawabu tunalo sasa, na twaliandika kwa urefu kwa sababu mbili. Ya kwanza, wanachama kadhaa wanayo magari ya zamani yenye kabureta, na ugonjwa uliolipata gari letu huenda umo katika yao bila ya wenyewe kujua. Ya pili, katika shauri hili yuko mtu tuliyemdhulumu, na haifai dhuluma itendwe barazani kisha radhi iombwe chumbani.

Gari lenyewe mnalijua. Ni Land Rover ya petroli, Series III, namna zilizotengenezwa Uingereza baina ya mwaka 1971 na 1985, injini yake silinda 4 za lita mbili na robo. Tutasema juu ya gari hilo, lakini mwenye Peugeot 504, Bedford au Toyota ya miaka ile naye asome, kwani kabureta hutofautiana kwa sura na kazi ni moja. Magari ya siku hizi yasiyo na kabureta, ambayo petroli yake hupimwa na kompyuta, hayamo katika maneno haya, na mwenye gari hilo asilitie bisibisi kwa kutusoma sisi.

Dalili zilianza kabla ya msimu. Gari likiwashwa asubuhi lilinguruma kwa nguvu, na hilo si la ajabu, maana injini baridi iliyovutiwa choki hutakiwa iende mbio kidogo. Lakini lilikuwa likinguruma vivyo hivyo hata baada ya kwenda Chake Chake na kurudi. Likisimama mlangoni mwa ghala, dereva mguu wake hauko kwenye mafuta, sauti ilikuwa ya gari linalopanda mlima. Na ufunguo ukizimwa, injini iliendelea kutikisika na kukohoa mara tatu nne ndipo ikanyamaza. Mzunguko huu wa injini gari likiwa limesimama mafundi wetu huuita silensa, nasi tutalitumia neno hilo.

Tulimwita fundi. Akafungua boneti, akailegeza skrubu ya silensa, akasikiliza, akailegeza tena hata ikakaribia kutoka, na mngurumo haukushuka. Kisha akazikaza nati za kabureta kwa nguvu zake zote. Akatwambia kabureta imekufa, inunuliwe nyingine. Fedha za kabureta hazikuwemo katika makisio ya mwaka, basi shauri likaahirishwa mpaka baada ya mavuno.

Mavuno yakaja, na hesabu ya petroli ikaja nayo. Kamati ikamwita dereva. Hatukumwambia kwa ulimi kwamba anauza petroli njiani, lakini tulimwuliza maswali ambayo mtu mzima hujua maana yake, kisha tukamzuilia posho yake. Yeye alijibu neno moja tu: “Fungueni boneti kwanza.” Sisi tulidhani anakwepa.

Kilichotuamsha ni siku ya kupakia katika uwanja wa kuanikia. Dereva alitia gia ya nyuma ili asogee ghalani, akaachia kilachi taratibu bila ya kugusa mafuta, kama afanyavyo siku zote, kwani Land Rover hujisogeza yenyewe kwa silensa yake. Gari likaruka. Likapanda jamvi la kwanza, likapanda la pili, likasimama hatua chache tu na watoto wawili waliokaa wakichambua karafuu na makonyo. Hapana aliyeumia, alhamdulillahi. Karafuu zilizosagwa zilikuwa za mjane mmoja, na chama kimekwisha kumlipa. Dereva akashuka, akafungua boneti mwenyewe mbele ya watu, akatwita: “Njooni mtazame.” Akatuonyesha ile skrubu ya silensa. Ncha yake ilikuwa haigusi kitu.

Jambo hilo dogo ndilo funguo la shauri zima, na ili lieleweke yafaa tuanze na kazi ya kabureta.

Injini huvuta hewa kwa nguvu, kama mtu anyonyaye dafu kwa mrija. Hewa hiyo hupita katika koo la kabureta, na huko huchukua petroli kwa kiasi chake na kuingia nayo katika silinda. Chini ya koo mna kibati cha duara kigeukacho juu ya mhimili wake, mafundi hukiita kipepeo. Ukikanyaga mafuta, kwa hakika humwagi petroli bali unafungua kipepeo hicho. Hewa huingia kwa wingi, na petroli huifuata. Ukiondoa mguu, springi hukirudisha kifunge. Lakini kikifunga kabisa injini itakufa, basi pamewekwa skrubu ndogo inayouzuia mkono wa kipepeo usirudi hata mwisho, ukabakia upenyo mwembamba. Hiyo ndiyo skrubu ya silensa. Ukiikaza, upenyo huwa mpana na injini huenda mbio; ukiilegeza, hupungua.

Sasa, ikiwa ncha ya skrubu haiugusi ule mkono, maana yake si skrubu inayokizuia kipepeo. Kiko kitu kingine kinachokishika wazi, na kuizungusha skrubu ni kama kuufungia mlango ambao tayari mtu ameutilia mguu. Na ikiwa skrubu inagusa, kipepeo kimefunga sawa, na hata hivyo injini yaenda mbio, basi aghlabu hewa inaingia kwa mlango usiokuwa wake. Kwa hiyo kabla ya kushika bisibisi, tazama ncha ya skrubu kwanza. Fundi wetu hakutazama, wala sisi hatukumwambia atazame.

Khasara yake si ndogo. Injini ya silinda 4 za namna hii huvuta pumzi mbili kila inapozunguka mara moja. Kwa mizunguko 700 kwa dakika huvuta pumzi 1,400. Kwa 1,500 huvuta 3,000, na gari limesimama tu chini ya mwembe likingoja magunia yafungwe. Hesabu hiyo ingetosha kutuzindua kabla ya kumtazama mtu mikono yake.

Kilichokuwa kikikishika kipepeo chetu ni choki. Choki ni kibati kingine, cha juu ya koo, ambacho hufunga hewa wakati injini ni baridi ili petroli izidi. Na kwa kuwa injini baridi hutaka pia kwenda mbio, watengenezaji wameunganisha kijiti kidogo: choki ikivutwa, kijiti hukisukuma kipepeo kifunguke kidogo. Waya wa choki hupita ndani ya ala kutoka mbele ya dereva mpaka kwenye kabureta. Katika gari letu kibano kinachoishika ala kilikuwa kimelegea, na waya umeshika kutu ndani, kama ishikavyo kutu kila chuma katika hewa yetu hii ya bahari. Dereva akisukuma kishikio ndani, ala ndiyo iliyosogea badala ya waya. Mbele yake kishikio kiliingia chote. Kule kwenye kabureta choki ilibaki imefunga nusu. Hivyo petroli ilizidi na kipepeo kilikaa wazi, mambo mawili kwa pamoja, mchana kutwa. Tulipozitoa plagi zilikuwa nyeusi kwa masizi kama chungu cha kuni. Hiyo ndiyo petroli iliyoibwa.

Mwanachama atakaye kulitazama gari lake afanye hivi. Kwanza alitie moto kwa kuliendesha muda wa robo saa au dakika 20, kwani silensa haipimwi injini ikiwa baridi. Alisimamishe mahali sawasawa, nje, si ndani ya banda, maana moshi wa petroli una sumu isiyo na harufu inayoua mtu bila ya kumpigia hodi. Gia iwe huru, breki ya mkono ivutwe, na magurudumu yawekewe mawe. Mwenye kanzu aivue au aikunje vyema, na mikono mirefu ya shati ipandishwe. Pangaboi la injini haliijui Ijumaa.

Akiisha, avue bomba la hewa lililo juu ya kabureta apate kuona ndani. Mtu mmoja avute choki na kuisukuma, mwingine atazame kule kwenye kabureta, si kwenye kishikio. Kibati cha choki chatakiwa kisimame wima kabisa choki ikisukumwa ndani. Kisha atazame njia ya mafuta kutoka pedali mpaka kwenye kipepeo. Katika Land Rover ni vijiti vyenye viungo, katika magari mengine ni waya. Viungo vikavu hutiliwa mafuta. Mkeka wa chini usiikandamize pedali. Na springi ya kurudishia iwe springi. Tumeona gari moja hapa kisiwani, hatulitaji la nani, ambalo springi yake ilikatika na mahali pake pamefungwa ukanda wa mpira wa baiskeli. Mpira huo kwenye joto la injini hulegea kama ubani, na siku utakapokatika gari likiteremka na mzigo, mwenyewe atajua tofauti ya bei.

Jaribio jepesi ni hili: injini ikienda, usukume ule mkono wa kipepeo kwa kidole upande wa kufunga. Mngurumo ukishuka, tatizo ni choki, vijiti, waya au springi. Usiposhuka hata kidogo, geukia upenyo wa hewa.

Hewa huvuja mahali pengi. Mrija wa dafu ukitoboka kati, mnyonyaji hupata upepo badala ya maji. Injini nayo ni hivyo hivyo. Pa kutazama ni gasketi iliyo chini ya kabureta, gasketi za bomba la kuingizia hewa, ule mpira mnene uendao kwenye kisaidizi cha breki, na kibomba chembamba kiendacho kwenye distributa. Mipira ya zamani hupasuka upande wa chini usioonekana, basi ikunjwe kwa mkono. Chukua kipande cha mpira wa maji, weka ncha moja sikioni na nyingine uipitishe polepole pembezoni mwa viungo. Panapovuja husikika mluzi. Au tia tone la maji kwa brashi ndogo penye gasketi: sauti ya injini ikibadilika, pana tundu. Twasema tone. Katika Land Rover bomba la moshi limekaa chini tu ya bomba la hewa, na chuma chake kikimwagiwa maji kikiwa na moto huweza kupasuka. Wako wanaotumia petroli kwa jaribio hili badala ya maji. Asiwepo mwanachama wetu hata mmoja afanyaye hivyo.

Sisi baada ya kuitengeneza choki tulidhani tumemaliza. Silensa ilishuka, walakini injini ikawa yachechemea, na ilibaki juu kuliko itakiwavyo. Mluzi ukasikika chini ya kabureta. Zile nati alizozikaza fundi zilikuwa zimeupinda ukingo wa kabureta, na gasketi ikaachia upande mmoja. Tuliivua kabureta, tukausugua ukingo juu ya kioo bapa kilichobandikwa karatasi ya msasa laini hata ukawa sawa, tukatia gasketi mpya na kukaza nati kwa zamu, kidogo huku, kidogo kule. Kazi ya asubuhi moja, na gasketi moja ndiyo iliyonunuliwa, pamoja na waya wa choki. Kabureta iliyosemwa imekufa ingali hai.

Moto wa plagi nao una sehemu yake. Pointi za distributa zikibanwa au kupanuliwa, wakati wa cheche husogea, na cheche ikija mapema mno silensa hupanda. Kwa distributa za Lucas za Land Rover hizi nafasi ya pointi huwa baina ya milimita 0.35 na 0.40. Aliyebadilisha pointi karibuni, kisha silensa ikapanda, aanzie huko.

Ni baada ya yote hayo ndipo skrubu huzungushwa. Ziko mbili. Ya silensa tumekwisha kuieleza. Ya pili imeingia kwenye mwili wa kabureta karibu na chini, aghlabu ina springi ndogo, na hupima mchanganyiko wa hewa na petroli injini ikiwa kwenye silensa. Injini ikiwa imezimwa, izungushe hii ya pili kuingia mpaka iguse kwa upole. Usiibane, kwani ncha yake ni nyembamba kama sindano na ikichubuka kabureta haitakaa sawa tena. Kisha irudishe nje mzunguko mmoja na nusu. Hapo ni pa kuanzia kwa nyingi kati yake. Washa injini. Sasa izungushe polepole, robo robo, huku na huku, mpaka usikie injini inaenda mbio kabisa na laini kabisa. Hapo punguza silensa kwa skrubu ya kwanza. Rudia ya pili, kisha ya kwanza. Mara mbili tatu hutosha. Kila ukigusa skrubu, ngoja kidogo kabla ya kugusa tena, kwani injini huchelewa kujibu, na mwenye pupa humaliza alasiri nzima akizunguka pale pale.

Kiasi gani ni sawa? Vitabu vya injini nyingi za silinda 4 za miaka ile hutaja kitu baina ya mizunguko 500 na 850 kwa dakika, na mwenye kitabu cha gari lake akifuate hicho. Asiye na kipimo atumie sikio: injini iende polepole bila ya kutikisa boneti, ukikanyaga mafuta kwa ghafla iitike bila ya kusita, na ukiachia irudi palepale. Ukiizima inyamaze mara moja.

Hapa tuseme jambo ambalo dereva wetu alilisisitiza, na twaona ana haki. Wako wenye magari wanaopandisha silensa kwa makusudi. Gari la zamani lenye dainamo huwasha taa nyekundu ya chaji kwa mbali likiwa kwenye silensa. Mwenyewe huona vibaya, akaikaza skrubu mpaka taa izime. Taa hiyo kumulika kidogo kwenye silensa ni tabia ya dainamo, wala si ugonjwa, madhali yazima gari likianza kwenda. Taa ya mafuta ya injini ni shauri jingine. Ikimulika injini ikiwa na moto, huenda beringi zimelika au oili imepungua, na mwenye kuipandisha silensa ili taa izime ameziba mdomo wa shahidi. Apime oili yake siku ile ile, kisha amwite fundi.

Kamati ilikutana baada ya matengenezo. Posho ya dereva iliyozuiliwa imerudishwa yote, na neno “uchunguzi” lililoandikwa katika jalada lake limefutwa mbele yake. Sisi tulioliandika tumemwomba radhi, naye ametusamehe, ingawa alituuliza kama siku nyingine tutaanza na boneti au naye. Tokea hapo hesabu ya petroli imerudi karibu na ilivyokuwa miaka ya nyuma, na daftari liko ofisini kwa mwanachama yeyote atakaye kulikagua, akiwamo yule mzee aliyeuliza.

Jumamosi ya mwanzo ya mwezi ujao, baada ya sala ya alasiri, dereva atakuwepo ghalani na gari la chama atuonyeshe hayo yote kwa vitendo. Mwenye gari la kabureta na alilete, lakini aliendeshe kutoka mbali kidogo lifike likiwa na moto. Na kila mtu aje na bisibisi yake, kwani za chama ni mbili tu, na moja imepinda.